Kufundisha Taarifa ya Hali ya Hewa ya Juma: Shule za Pwani Wakati wa Masika

Utangulizi

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapoanza, shule zetu za pwani huingia katika majira yanayotambulika bila msaada wa kalenda. Upepo wa kaskazi hulegea, joto la usiku huzidi, mawingu hujikusanya upande wa bahari, na wakulima humaliza kusafisha mashamba. Baadhi ya wanachuo wetu huwa katika mazoezi ya kufundisha wakati huo huo. Hata hivyo, mara nyingi tumeona somo la hali ya hewa likifundishwa kana kwamba madirisha ya darasa yamepigwa misumari. Wanafunzi hukariri majina ya vyombo ambavyo hawajaviona, nao wingu lililo juu ya paa la shule haliulizwi swali hata moja.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu mmoja katika shule ya msingi iliyo karibu na bahari. Ilikuwa katikati ya Aprili. Andalio lake la somo lilikuwa safi, chati yake ilichorwa kwa rangi nne, na wanafunzi wa Darasa la Nne waliitikia kwa sauti moja kwamba hali ya hewa ni hali ya anga ya mahali fulani kwa muda mfupi. Mtoto mmoja aliyeketi karibu na mlango akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, juzi redio ilisema kutakuwa na upepo mkali na mvua. Sisi hatukuona kitu. Baba amesema hayo ni maneno tu, na leo ameshuka baharini." Mwanachuo akatabasamu, akamjibu kwamba hilo si somo la leo, akageukia ubao. Nasi tuliokuwa nyuma ya darasa, fomu ya ukaguzi mkononi, hatukuandika neno juu ya swali lile. Tulimpa alama nzuri kwa matumizi ya zana.

Alasiri ile upepo uligeuka ghafla na dhoruba ikaingia kutoka baharini. Mashua ya baba yule haikurudi jioni. Ilionekana siku ya pili asubuhi katika kijiji kingine, tanga limechanika na nyavu zimepotea. Watu wote watatu walikuwa hai. Tangu siku hiyo tumekuwa tukilirudia lile swali lililoachwa. Mtoto alikuwa ameuliza jambo la msingi kuliko yote yaliyosemwa katika kipindi kile: je, taarifa iliyotaja jambo ambalo hatukuliona ilisema uongo? Makala haya ni jaribio letu la kulijibu, tukiwa tumechelewa, na kuwaonyesha wanachuo jinsi ya kuwafundisha watoto wa pwani kuisoma taarifa ya hali ya hewa ya juma zima, kuipima, na kuitumia.

Mwalimu ajue nini kwanza

Mwalimu hawezi kuieleza taarifa ya juma moja kama haelewi majira ambamo juma hilo limo. Kwa hiyo tuanze na masika yenyewe.

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kubwa. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba huvuma kusi, upepo utokao kusini. Katikati ya pepo hizi mbili kuna kipindi cha mabadiliko ambacho mabaharia hukiita maleleji au tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna msimamo. Mwanafunzi akumbushwe daima kwamba upepo huitwa kwa jina la upande utokako, si upande uendako. Kosa hili tumelikuta hata kwa wanachuo wa mwaka wa pili.

Kati ya pepo za kaskazini na za kusini kuna ukanda ambamo hewa kutoka pande zote mbili hukutana, hupanda juu, hupoa, na kufanya mawingu makubwa ya mvua. Watabiri wetu huuita ukanda mvua. Ukanda huu hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa kidogo. Mwanzoni mwa Machi jua huwa utosini kwa mtu aliye Dar es Salaam. Tarehe 21 Machi au karibu na hapo huwa utosini penye mstari wa ikweta. Kisha huendelea kaskazini. Ukanda mvua nao hupita juu ya pwani yetu ukielekea kaskazini, na huko kupita kwake ndiko masika. Ndiyo maana Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Dar es Salaam na Unguja, hali Mombasa, iliyo kaskazini zaidi, kwa kawaida hupata mvua nyingi zaidi mwezi wa Mei. Dar es Salaam hupata kiasi cha milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na mwezi wa Aprili peke yake huleta zaidi ya moja ya tano ya kiasi hicho.

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Lindi au Mtwara azingatie kwamba huko msimu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Asiwafundishe watoto wa Mtwara habari za vuli na masika kana kwamba wanaishi Tanga. Pia mvua za masika huitwa mvua za mwaka katika baadhi ya sehemu za pwani. Mwalimu ayapokee majina ya mahali hapo na kuyaandika ubaoni pamoja na yale ya kitabuni.

Zaidi ya pepo za majira kuna pepo za kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo hutoka baharini kuja pwani. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka ukaelekea baharini. Mtoto wa mvuvi anayajua haya kabla hajaingia Darasa la Kwanza, maana baba yake huondoka alfajiri kwa upepo wa umande na kurudi mchana kwa upepo wa bahari. Kazi ya mwalimu ni kumpa sababu ya jambo analolijua.

Jambo la mwisho ni vimbunga. Pwani yetu iko karibu mno na ikweta, mahali ambapo nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia ni dhaifu na haiwezi kuzungusha kimbunga kwa urahisi. Kwa hiyo vimbunga hutufikia mara chache, lakini hutufikia. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo na kung'oa mikarafuu. Pemba iliyosalimika ikawa tangu hapo kisiwa kikuu cha karafuu. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara iendayo mikoa ya kusini katika Wilaya ya Kilwa. Mwanachuo atazame tarehe hizo tatu: zote zimo katika masika, wakati wa kubadilika kwa pepo. Asiwatishe watoto kwa habari hizi, lakini pia asiwaambie kwamba vimbunga ni mambo ya nchi nyingine.

Lugha ya taarifa

Taarifa ya hali ya hewa ina lugha yake, na kila neno lina kipimo. Mtoto asiyefundishwa vipimo hivyo husikia sauti tu. Yafuatayo ni maneno yanayostahili kufundishwa moja moja.

Mvua kubwa. Neno hili kwa watabiri ni mvua inayozidi milimita 50 katika muda wa saa 24. Mwalimu aifanye hesabu hii darasani: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 50 huliangushia lita 8,000, yaani ndoo 400 za lita 20. Tumeona watoto wakishangaa kwa dhati baada ya hesabu hii. Waulizwe basi: maji hayo yatakwenda wapi kama mtaro wa shule umejaa takataka?

Upepo mkali na mawimbi makubwa. Taarifa za tahadhari kwa ukanda wa pwani hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Mita 2 ni karibu urefu wa mlango wa darasa. Mtoto mmoja asimame mlangoni, wengine wafikirie ngalawa ambayo ukingo wake umeinuka kidogo tu juu ya maji. Upepo nao hupimwa kwa macho: majani yakitikisika taratibu, upepo ni mdogo, vumbi likiinuka na vitawi vikicheza, umefika kiasi cha kilomita 20 kwa saa au zaidi, miti midogo ikiyumba, umezidi kilomita 29, matawi makubwa yakitikisika na mwavuli ukiwa taabu kuushika, umefika kilomita 40.

Maeneo machache. Haya ni maneno mawili yanayowafanya watu wengi kuwaita watabiri waongo. Taarifa ikisema mvua itanyesha katika maeneo machache ya mkoa, haikusema itanyesha kijijini kwetu. Mwalimu achore ramani ya mkoa sakafuni kwa chaki, aweke vijiwe kumi kuwa vijiji, kisha amwagie maji kidogo vijiwe vitatu. Awaulize watoto wa vijiji saba vilivyobaki kavu: je, taarifa ilikosea? Watajadiliana kwa kelele kidogo. Mwalimu aivumilie, kwa kuwa ni kelele ya kufikiri.

Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo, na huzipanga kwa ngazi tatu zenye rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Ngazi hizi zichorwe kwenye manila na kubandikwa ukutani msimu wote wa masika.

Uwezekano na athari

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima, na ndipo lilipokuwa swali la yule mtoto wa mlangoni.

Taarifa ya tahadhari husema mambo mawili: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari iwapo litatokea. Kila kimoja huweza kuwa kidogo, cha wastani au kikubwa. Watu wengi husikia la kwanza tu. Wakiambiwa uwezekano ni mdogo au wa wastani, huona kwamba hawana haja ya kujali.

Mfano wa kuwaeleza watoto uko kila mahali pwani, nao ni mnazi. Ni mara ngapi nazi imemwangukia mtu kichwani kijijini? Mara chache sana. Uwezekano ni mdogo. Lakini hakuna mama anayetandika mkeka na kumlaza mtoto chini ya mnazi wenye nazi pevu, kwa sababu athari yake ni kubwa mno. Kinyume chake ni umande wa asubuhi: uwezekano wa kulowesha miguu ni mkubwa, lakini athari yake ni ndogo, wala hakuna anayeacha kuja shule kwa ajili ya umande. Mtoto akielewa mnazi na umande, ameelewa taarifa ya tahadhari.

Ili kuonyesha kwamba uwezekano si ahadi, mwalimu atumie mfuko wa kitambaa. Atie ndani punje saba za mahindi na mbegu tatu za ukwaju. Mahindi ni siku kavu, ukwaju ni siku ya mvua. Kila mtoto achote punje moja bila kutazama, aionyeshe, airudishe. Mara kumi za kwanza huenda ukwaju ukatoka mara mbili, au mara tano. Darasa zima likichota mara mia, hesabu itakaribia thelathini. Fundisho ni hili: mtu hawezi kuuhukumu mfuko kwa punje moja, wala kuihukumu taarifa kwa siku moja.

Basi jibu la lile swali ni hili. Taarifa iliyotaja uwezekano wa upepo mkali haikusema uongo kwa sababu upepo haukuvuma Jumatatu. Iliwaambia watu kwamba katika mfuko wa juma lile mbegu za ukwaju ni nyingi kuliko kawaida. Baba yule alichota punje ya mahindi siku ya kwanza, akadhani mfuko mzima ni mahindi.

Tungeongeza neno moja kwa ajili ya haki. Mvuvi anayebaki nyumbani naye hupata hasara, na watoto wake huiona hasara hiyo chunguni. Mwalimu asiwaambie watoto kwamba baba zao ni wajinga au wakaidi. Awaonyeshe kwamba kuna makosa ya aina mbili: kuonywa na jambo lisitokee, na kutoonywa na jambo likatokea. Kosa la kwanza hugharimu mavuno ya siku moja. La pili huweza kugharimu chombo na watu. Watoto wajadili wenyewe ni lipi lililo zito.

Mfano wa taarifa ya juma

Taarifa ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya mazoezi ya darasani. Si utabiri wa juma lolote la kweli. Mwanachuo anaweza kuibadili kulingana na mahali pake.

"Mwelekeo wa hali ya hewa kwa juma moja la katikati ya Aprili, ukanda wa pwani ya kaskazini: Jumatatu, mawingu kiasi na vipindi vya jua, mvua nyepesi katika maeneo machache asubuhi. Jumanne, mawingu, mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo. Jumatano, angalizo la mvua kubwa katika maeneo machache. Uwezekano wa wastani, athari za wastani. Alhamisi, angalizo la mvua kubwa linaendelea. Ijumaa, mvua zinapungua. Upepo wa kusi unaongezeka. Angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Jumamosi na Jumapili, kwa jumla, vipindi vya mvua nyepesi na upepo wa kiasi."

Mwalimu awaongoze wanafunzi kutambua mambo matatu. Kwanza, siku za mbele husemwa kwa ujumla zaidi. Watabiri hukusanya vipimo kutoka vituo vya nchi kavu, melini, kwenye maputo na kwenye setilaiti, na kompyuta huvipigia hesabu. Lakini kosa dogo la leo hukua kila siku ipitayo. Kwa hiyo taarifa ya Jumapili iliyosikiwa Jumatatu isikilizwe tena Ijumaa. Pili, hatari inahama: Jumatano iko mabondeni na mitoni, Ijumaa iko baharini. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mvuvi hawana siku moja ya kuhofia. Tatu, taarifa haikutaja mwezi angani, lakini watu wa pwani wanapaswa kuutazama. Kama Alhamisi ni mwezi mpevu, bamvua itakuja siku hizo hizo, na katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mitaro na mito hushindwa kumwaga maji baharini, na mitaa ya chini hufurika.

Mpango wa vipindi vitano

Somo hili halifai kumalizwa katika kipindi kimoja. Tunapendekeza vipindi vitano vya dakika 40, kimoja kila siku ya juma la shule.

Kipindi cha kwanza: kutazama na kuuliza. Wanafunzi watoke nje kwa dakika 10, waandike wanachokiona angani, upepo unatoka wapi, na miti inafanya nini. Wakirudi, mwalimu awasomee taarifa ya juma iliyonakiliwa kutoka redioni, nao wainakili katika jedwali lenye safu mbili: "Kilichosemwa" na "Tulichokiona." Safu ya pili ibaki tupu.

Kipindi cha pili: kutengeneza vyombo. Kipimamvua hutengenezwa kwa chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka. Sehemu ya juu ikatwe na kupinduliwa iwe mdomo wa kupokelea maji; vijiwe na maji vitiwe chini mpaka mahali ubavu unapoanza kunyooka, na hapo ndipo penye alama ya sifuri. Kiwekwe uwanjani, mbali na miti na mapaa, kisisukumwe na upepo. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, saa ile ile. Mshale wa upepo hutengenezwa kwa kadibodi, pini na kijiti. Pande nne za dunia zipatikane kwa kutazama jua linakochomoza.

Kipindi cha tatu: maneno na vipimo. Hapa hufundishwa lugha ya taarifa, hesabu ya paa, na ramani ya vijiwe.

Kipindi cha nne: mnazi, umande na mfuko wa punje. Mwalimu asiharakishe. Kama muda hautoshi, aache sehemu nyingine yoyote kuliko hii.

Kipindi cha tano: kupima taarifa. Jedwali sasa limejaa. Wanafunzi wahesabu siku ambazo taarifa na macho yao vilikubaliana, na siku ambazo havikukubaliana. Siku zilizotofautiana zichunguzwe: je, taarifa ilisema "maeneo machache"? Je, mvua ilinyesha usiku, kipimamvua kikaiona na sisi tukalala? Je, watabiri walikosea kweli? Kama walikosea, mwalimu akiri bila kusita. Taarifa inayopimwa kwa uaminifu huaminiwa zaidi kuliko inayotetewa kwa maneno.

Jedwali liendelezwe hadi mwisho wa Mei, kila juma kwa zamu ya kikundi kimoja. Tarehe 23 Machi ni Siku ya Hali ya Hewa Duniani, kwa kumbukumbu ya mkataba ulioanza kutumika mwaka 1950 na kuliunda Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Shule inaweza kuitumia siku hiyo kuzindua kituo chake kidogo.

Elimu ya wazee

Katika kila kijiji cha pwani yuko nahodha mstaafu anayeweza kutazama mawingu ya alfajiri na kusema kama chombo kitoke au kisitoke. Aalikwe darasani. Watoto wamwamkie kwa adabu, wamketishe, kisha wamuulize maswali waliyoyaandaa: Babu, unajuaje kwamba kusi imeingia? Ni wingu gani unaloliogopa? Uliwahi kukosea? Swali hili la mwisho ndilo lenye mafunzo zaidi, na wazee hulijibu kwa unyofu kuliko tunavyodhani.

Mwalimu asiwashindanishe mzee na redio. Mzee huona wingu lililo mbele yake na huijua bahari ya mahali pake. Setilaiti huona dhoruba iliyo mamia ya kilomita nyuma ya upeo wa macho. Anayetumia yote mawili ana macho manne. Tena majira hayaji siku zote kwa wakati ule ule ambao wazee waliuzoea, nao wenyewe hulisema hilo. Kwa hiyo kuweka kumbukumbu za kila siku ni huduma kwa wazee kama ilivyo kwa watoto.

Makosa ya kuepuka

Katika ukaguzi wetu tumekutana na makosa yafuatayo mara kwa mara:

(a) Kuanza na maana ya maneno kabla ya kutazama anga. Maana ije baada ya jambo kuonekana.

(b) Kuchanganya hali ya hewa ya siku na tabia ya nchi. Mvua ya leo ni hali ya hewa. Masika kuja kila mwaka ni tabia ya nchi.

(c) Kutumia taarifa ya mji wa mbali. Mtoto wa Pangani hana haja ya mvua ya Dodoma.

(d) Kufundisha tahadhari bila kufundisha la kufanya. Wakati wa radi mtoto asijikinge chini ya mwembe au mnazi. Mto uliofurika usivukwe kwa miguu, hata ukiwa unafika magotini tu, maana maji yaendayo kasi humwangusha mtoto. Mwalimu ashauriane mapema na mwalimu mkuu: siku ya tahadhari, watoto wanaovuka mto wataruhusiwa saa ngapi, na nani atawasindikiza?

(e) Kulipuuza swali la mtoto kwa sababu halimo katika andalio. Kosa hili tumelishiriki sisi wenyewe, nasi tumelieleza mwanzoni.

Hitimisho

Shule ya pwani isiyo na chombo hata kimoja cha kununuliwa inaweza kulifundisha somo hili vizuri. Inahitaji chupa moja, kadibodi, mfuko wa punje, jedwali, na mwalimu aliye tayari kutoka nje. Taarifa ya juma ikifundishwa hivi, haitabaki katika daftari. Jioni mtoto ataifikisha nyumbani, ataieleza kwa mnazi na umande, na baba yake atakuwa na jambo la kupima kabla ya kushusha chombo. Uamuzi utabaki kuwa wa baba. Lakini atauamua akiwa ameelewa alichoambiwa.

Maswali ya kujadiliana kwa wanachuo

1. Andika taarifa ya juma kwa ajili ya wilaya yako kwa mwezi wa Aprili, kisha onyesha ni maneno yapi yatahitaji kuelezwa kwa Darasa la Nne.

2. Tafuta mfano mwingine, usiokuwa mnazi, wa jambo lenye uwezekano mdogo na athari kubwa katika maisha ya watoto wa mahali pako.

3. Mwanafunzi anakuambia: "Baba amesema redio ni waongo." Andika maneno utakayomjibu mbele ya darasa, bila kumvunjia heshima baba yake.